Mstari Uliobaki Mfukoni

Kwenye kiwanda cha uchapaji walimwita Kinyumenyume, kwa kuwa kwa miaka thelathini na moja aliisoma dunia kutoka kulia kwenda kushoto, jinsi herufi za chuma zinavyokaa kabla ya kupigwa chapa. Matangazo ya kodi ya mkoloni aliyapanga yeye. Wimbo wa uhuru aliupanga yeye, huku akiuimba. Wanajeshi walipotwaa nchi, tangazo lao lilifika mezani kwake kabla ya chai ya saa nne.

"Wewe huna chama," mpiga mashine alimtania. "Anayekuja unampanga, anayeondoka unampangua."

"Na wewe unawapaka wino. Tutazikwa kaburi moja."

Utani uliisha siku mdogo wake Kinyumenyume, mwalimu wa hesabu, alipochukuliwa na wanajeshi darasani, chaki mkononi.

Ndipo orodha zikaanza. Afande mmoja wa jeshi alizileta zimekatwa vipande, kila mpangaji wa herufi na chake, majina matupu. Kichwa cha tangazo kilipangwa chumba cha pili, mlango umefungwa, asijue mtu anachapa nini. Lakini zikibandikwa ukutani, siri iko wapi? Zilitoka tatu, na zote tatu zilikuwa za watu wa kunyongwa. Gereza lilifuata karatasi: aliyechapwa jina alitolewa, asiyechapwa jina aliachwa seli.

Orodha ya nne ilipokuja, vidole vya Kinyumenyume vilishamaliza mstari mzima ndipo macho yakausoma. Jina la mdogo wake, la baba yao, la babu yao. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akauchomoa mstari, akaufunga uzi herufi zisimwagike, akautia mfukoni mwa koti la kazi. Mistari ya chini akaipandisha, pengo likazibika. Siku hiyo alimaliza sahani yake ya chakula, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Asubuhi yake alimkuta shemeji yake, mke wa mwalimu, mbele ya ukuta wa matangazo, akipitisha kidole jina kwa jina. Alipofika mwisho akaanza tena juu. Kinyumenyume akainua macho kwenye kichwa cha tangazo: WALIOSAMEHEWA.

Alikwenda moja kwa moja kwa afande.

"Afande, kuna jina nililiruka. Kosa ni langu."

Afande hakuinua uso. "Imeshatiwa sahihi na kubandikwa, mzee. Gereza linasoma karatasi, halisomi midomo. Rudi kazini kabla sijakusikia vizuri."

Jioni shemeji alimngoja getini.

"Shemeji, wewe ndiye unayeyaona majina mwanzo. La mwenzangu halijafika kabisa?"

Mkono wa Kinyumenyume ulikuwa mfukoni, umeukamata mstari.

"Bado, shemeji."

"Likifika utaniambia?"

"Nitakwambia."

Orodha ya tano ilikuja Ijumaa, kichwa chake bado kimefungiwa chumba cha pili. Kwenye kipande chake hapakuwa na jina analolijua. Kipande cha mpangaji wa pembeni hakuthubutu kukichungulia.