Chupa ya Krismasi Kwenye Mashine ya Kufulia

Dada yangu Ardith si mwanamke wa kuogopa ogopa. Amezaa watoto wanne, amezika mmoja, na tangu aolewe ndiye anayepika chakula cha Krismasi cha ukoo mzima wa Goodlett. Lakini Desemba ile nilimkuta jikoni ameinamia sufuria ya kastadi ya kunywa, machozi yanamtoka, na mkono haujaacha kukoroga. Kastadi ukiiacha kidogo tu inakatika, maziwa huku na mayai kule, kwa hiyo kwetu Kentucky hata kulia tunalia huku tunakoroga.

"Mwaka huu wiski haimiminwi humu ndani," akaniambia. "Chupa nimeificha kwenye mashine ya kufulia, chini ya mataulo. Na wewe ukifungua hilo domo lako, utanitambua."

"Nimwambie nani mie? Lakini dada, Krismasi bila chupa! Watasema."

"Waseme mpaka wakauke koo."

Akafuta uso kwa kiwiko, akakwangua kungumanga juu ya sufuria, akaendelea.

Sikumlaumu. Shemeji yangu Delbert alifanya kazi maisha yake yote kwenye maghala ya wiski, akiviringisha mapipa, na alichokiviringisha alikionja. Alikunywa mpaka masika yale daktari alipomwambia ini limekwisha, akirudia tena ajichagulie jeneza. Akaacha. Aliacha kwa taabu, jamani! Alitetemeka, alitapika, alimtukana dada yangu matusi nisiyoweza kuyarudia. Lakini aliacha, na kila asubuhi Ardith alimnusa mdomo kwanza ndipo akampa kahawa yake.

Shida ni kwamba ukoo ule una desturi yake. Kastadi huletwa mezani tupu, vikombeni, halafu mwenye nyumba anasimama na chupa ya wiski yetu ya mahindi, anazunguka meza akimmiminia kila mtu mzima, kuanzia mkubwa kuliko wote, na chake anakimalizia mwisho. Baba yake Delbert alimimina mpaka alipokufa, akamwachia yeye. Asiyemimina hahesabiwi kuwa mwenye nyumba, hata kama paa kaliezeka mwenyewe. Na Royce, mdogo wake Delbert, alikuwa akiitamani kazi hiyo miaka na miaka.

Siku ikafika. Tulikula paja la nguruwe la chumvi na moshi, ambalo Ardith alikuwa amelilowesha siku mbili kulipunguza chumvi, na viazi vitamu, na mahindi ya kuoka kwa maziwa, na keki ya jemu iliyopakwa sukari ya kuunguza. Nilikula mpaka nikalegeza mkanda. Halafu Ardith akaleta vikombe vya kastadi, akavipanga, akasimama wima.

"Mwaka huu tunainywa hivi hivi," akasema.

Delbert akatazama kikombe chake, masikio yamemwiva.

"Vipi shemeji, umeokoka tena?" Royce akacheka peke yake. Akatia mkono kwenye koti, akatoa chupa. "Msijali. Kaka mgonjwa, kwa hiyo acheni wazima wamimine."

"Royce, keti!" nikamfokea. "Huna haya hata chembe!"

Delbert akainuka. Akaelekea chumba cha nyuma. Tukasikia kifuniko cha mashine ya kufulia kinafunguliwa. Ardith akanishika mkono chini ya meza, akaubana mpaka pete ikaniumiza.

Akarudi na chupa. Nta iliyoziba mdomo wake haijaguswa.

"Ardith," akasema, "tangu nistaafu, nani anafua nguo nyumba hii?"

"Wewe."

"Basi ukinificha kitu, usikifiche humo. Nimeiona tangu Sikukuu ya Shukrani, mwezi mzima sasa. Kila nikitaka kufua naitoa, naiweka kando, nafua, naanika, nairudisha chini ya mataulo."

Ardith akafunika mdomo kwa mkono. Mie mwenyewe nilitaka kulia, nikajisingizia kukohoa.

Delbert akaikata nta kwa kisu cha mfukoni. Akaanza na Shangazi Lottie, mzee kuliko sote.

"Ongeza, mwanangu," Shangazi akasema. "Mimi ini langu nalitunzia nani?"

Watu wakacheka, pumzi zikarudi. Akanimiminia mie, akawamiminia wanawe, akafika kwa Royce. "Hiyo yako rudisha kotini," akamwambia. "Hapa tunakunywa ya mwenye nyumba." Royce akairudisha.

Kikabaki kikombe chake. Akasimama juu yake na chupa mkononi. Harufu ilijaa chumba kizima, tamu, ile ile ya maghala alikoacha ujana wake. Nilimchukia Royce saa ile, nikamchukia hata marehemu baba yao na desturi yake.

Delbert akarudisha kizibo, akakisukuma kwa kiganja, akampa Ardith chupa. Akaketi. Akanywa kastadi tupu, akaishikilia mdomoni kabla ya kuimeza, uso umekunjamana.

"Ardith. Humu umetia nini?"

Dada yangu akapauka. "Sijatia kitu, Delbert. Naapa."

"Kuna kitu. Kinanukia."

"Labda kungumanga."

"Kungumanga." Akaonja tena, taratibu. "Umeanza lini kutia?"

"Tangu mwaka ule uliponioa."

"Kumbe miaka yote naonja wiski tu," Delbert akasema, akakiinua kikombe. Kisha akakinywa chote, akakisogeza mbele ya mkewe.

"Niongezee," akasema.