Vumbi la Nyota Kwenye Betri ya Rehema

Niliondoka Mchikichini saa mbili asubuhi kwa sababu simu yetu ilizimika, na ndani yake mlikuwa na maelezo ambayo mdogo wangu Rehema angeyasoma darasani saa tano. Aliyaandika wiki nzima. Sasa alikataa hata kuvaa sare.

"Dada, siendi kusimama mbele za watu mikono mitupu."

Wazazi walipofariki niliacha shule ili yeye asome. Nikamwambia avae, simu nitaileta.

Kariakoo, saa tatu kasoro. Fundi aliifungua simu chini ya mwavuli wake. Betri ilikuwa imevimba kama andazi.

"Umeifanya nini?"

Nikakiri. Nilipoona mgongo wa simu umebenuka, niliilaza chini ya belo la mitumba ninayouza usiku kucha, kama tunavyonyoosha suruali.

"Dada! Ulitaka kutuunguzia soko?"

"Bora hakupiga pasi," akadakia muuza makava ya simu wa jirani.

Saa tatu na nusu, betri mpya ikakaa, simu ikawaka. Fundi akasema niijaribu. Nikafungua maelezo ya Rehema, nikayasoma kwa sauti, nikikwama kwenye majina magumu.

Kuna nyota ndogo, nzee, inayonyonya gesi ya nyota jirani. Gesi hurundikana juu yake hadi ikalipuka. Mlipuko huo hutengeneza beriliamu, ambayo baada ya majuma kadhaa hugeuka lithiamu na kutawanyika angani. Wataalamu wanaona kwamba sehemu kubwa ya lithiamu tuliyonayo ilitoka huko, kabla jua letu halijakuwapo. Na nyota yenyewe haifi. Huanza kukusanya tena.

Fundi aliweka bisibisi chini.

"Lithiamu hii hii ya betri?" Akaitazama ile betri mbovu. "Miaka yote nabandua nyota?"

"Endelea, dada," akasema muuza makava, akiwa amemwacha mteja wake na kava mkononi.

Saa tano kasoro nilifika shuleni natweta. Rehema alikuwa getini, amevaa sare yake.

"Umeyasoma?"

"Mpaka fundi kaelewa."

Akacheka, akakimbia. Nilisimama nje ya dirisha la darasa. Alianza kwa kusoma, lakini alipofika kwenye nyota inayolipuka na kubaki, aliishusha simu, akaendelea bila kuitazama. Kumbe yote alikuwa nayo kichwani.

Nilirudi Mchikichini kwa miguu, nikimtazama kila aliyeshika simu: wachuuzi, makuli, mama mmoja akigombana na mtu hewani. Wote wameshika vumbi la nyota, na hawajui. Mdogo wangu anajua.