Unywele Kwenye Mkanda wa Msumeno

Mwaka jana nilikwenda kwa fundi mmoja wa mtaa wa Kikuyu, hapa Dodoma, kuagiza mlango. Kabla sijaingia uani nilisikia mashine yake ikikoroma, mlio unaopanda kisha unakwama, nikajua amefunga mkanda mpana wa msumeno kwenye kazi ya kukata mviringo. Sikumwambia kitu. Bibi kizee aje kumfundisha fundi kuchagua meno ya msumeno, angecheka, na nisingemlaumu. Nilikaa kwenye benchi, unga wa mninga ukinikera puani kama tumbaku, nikamkumbuka baba.

Baba yangu, Ndahani, aliendesha msumeno wa mkanda wakati wa Mjerumani, katika karakana moja jirani na stesheni ya Dodoma. Ulikuwa na magurudumu mawili makubwa, moja juu na jingine chini, na juu yake ulizunguka mkanda wa chuma wenye meno, ukiendeshwa na injini ya mvuke. Sisi tulikuwa Wagogo wa kulima uwele na kuchunga. Jinsi baba alivyofika kwenye chuma sikupata kusimuliwa, ila najua alisifiwa. Mikanda ya kila aina ilitundikwa ukutani, na Bwana mwenye karakana alizoea kusema kwamba Ndahani hakosei mkanda.

Alichagua kwa kidole. Alipitisha dole gumba juu ya meno polepole, uso ameuelekeza kwingine, kama mtu anayesikiliza. Dole likifunika jino moja tu, huo ulikuwa mkanda mpana wa kupasulia magogo mabichi: nafasi kati ya meno hutoa unga nje, na upana wake huufanya uende moja kwa moja. Dole likifunika meno matatu au manne, huo ulikuwa wa mbao kavu nyembamba. Na ule uliokuwa mwembamba kama utepe ulikatia vipande vya mviringo vya magurudumu ya mikokoteni, maana mkanda mpana haukubali kugeuka. Niliyajua haya nikiwa sijaota meno yangu yote ya pili.

Kila Jumamosi mama alimlaza baba kichwa mapajani na kumng'oa kope kwa kikoleo kidogo. Mimi nilidhani ndio urembo wa wanaume.

Adhuhuri, injini ikiwa imepumzishwa, nilimpelekea baba ugali wa uwele na mlenda. Kisha tulicheza mchezo wetu. Alishika mkanda utakaofungwa mchana huo, nami nikiuvuta kidogo kidogo kutoka mikononi mwake, nikitafuta unywele. Unywele ulikuwa ufa mwembamba unaoanza kati ya jino na jino, mahali ambapo chuma huchoka kwa kuzunguka. Kidole hakiusikii. Nikiuona nilipewa asali. Baba alisema macho ya mtoto ni mapya, nami nilivimba kichwa kwa sifa hiyo.

Mwenzake kazini alikuwa Mzee Feruzi, mtu wa mjini ambaye babu yake alikuja na misafara ya pembe. Yeye alisimama ng'ambo ya msumeno akipokea mbao. Kila nilipofika nilimpa shikamoo, naye aliitika marahaba huku akiniuliza kama mbuzi wetu hawajambo, mmoja mmoja kwa jina.

Siku moja treni ilileta farasi wa ofisa. Sikuwa nimewahi kumwona farasi, wala hakuna mtoto wa kwetu aliyewahi, na wenzangu walikuwa tayari wanakimbilia stesheni. Baba alikuwa ameshika mkanda mpana. Mchana ule walikuwa na gogo la kupasua. Niliuvuta mkanda mbio mbio, nusu nikiutazama, nusu nikitazama mlangoni.

"Hakuna unywele, baba," nikasema.

Aligeuza uso upande alikoketi Mzee Feruzi. Kisha akaniambia niende.

Farasi alikuwa mwekundu, mrefu kuliko nilivyotegemea, naye alitetemesha ngozi yake kufukuza nzi. Nilikuwa bado namshangaa injini ilipoanza kuvuma. Baadaye ulisikika mlio mmoja, kama ubao mkubwa umeangushwa sakafuni, kisha mvuke ukafunguliwa na kukawa kimya.

Nilimkuta Mzee Feruzi ameketi chini, mkono wa kulia umefungwa kwa kilemba chake, na kilemba kimelowa damu. Baba amesimama kando yake. Bwana alikuwa ameshika kipande cha mkanda uliokatika. Ufa wa zamani ulikuwa na kutu ndani. Hata mimi niliuona nilipokuwa mlangoni.

Bwana alimwuliza baba kama aliukagua. Baba akajibu kwamba aliukagua yeye mwenyewe. Bwana akamwambia aonyeshe ufa ulipoanzia. Baba alipapasa, akaonyesha mahali pazima. Bwana alimtazama muda mrefu, kisha akainua ngumi iliyofumbwa.

"Vidole vingapi?"

"Viwili," baba akasema.

Nilingoja kiboko. Hakikuja. Bwana alimwambia aende nyumbani, asirudi tena, na alisema hivyo kwa sauti ya chini, karibu ya upole.

Njiani baba aliniwekea mkono begani, akatembea nyuma yangu. Tulipovuka korongo nilishindwa kujizuia, nikamwambia sikuutazama mkanda.

"Najua," alisema. "Ulipita upesi mno mikononi mwangu."

Misimu miwili baadaye hakuona tena hata moto wa mekoni. Mzee Feruzi alipona, lakini vidole viwili havikukunjika tena. Alikuja kututembelea mara moja, akala, akauliza habari za mbuzi, akaondoka.

Miaka mingi nilibeba kosa lile kama langu peke yangu. Habari ya kope niliielewa nilipokuwa mama, nilipowaona wengine ambao kope zao ziligeukia ndani na kukwaruza jicho hadi likafa. Ile "najua" ilichukua muda mrefu zaidi. Baba alijua kabla ya injini kuwashwa. Angeweza kuniambia turudie. Lakini Mzee Feruzi alikuwa ameketi hatua mbili kutoka pale, na mtu mzima anayemwomba mtoto atazame tena, lazima aulizwe kwa nini hatazami mwenyewe. Akaufunga mkanda ule.