Kisanduku cha Jina la Ukoo

Mpaka leo siipendi kompyuta ya kubofyabofya. Niliipenda ile ya kwanza, ya skrini nyeusi na herufi za kijani, tuliyoitumia kuandikisha wakimbizi wa Burundi waliovuka ziwa na kushukia Kigoma. Uliandika amri, ikatii. Ukikosea, ilikwambia umekosea, basi. Familia niliipa namba moja, na majina niliyaandika kama nilivyotajiwa.

Kisha ukaletwa mfumo mpya, wa madirisha na kipanya. Wenzangu walishangilia, kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi, mtumishi niliyehamishiwa huku kutoka Tanga, nilinuna wiki nzima. Kila nikigusa kitu, kilichomoza kisanduku kuniuliza kama nina hakika. Nikawa nabonyeza "ndiyo" bila kusoma, kwa hasira tu.

Mfumo huo ulidai jina la ukoo, na kwa jina hilo ulipanga familia. Warundi hawana desturi hiyo. Kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, si la baba wala la ndugu. Nililijua hilo vizuri, maana hata majirani zangu Waha pale Katubuka huita watoto wao hivyo hivyo. Lakini alipokuja mama mmoja na binti yake wa miaka kama sita, niliandika jina la kila mmoja mahali pa ukoo. Kisanduku kikachomoza kuuliza kama hawa ni familia mbili. Hilo nililijua baadaye. Nilibonyeza ndiyo.

Kesho yake, mama akiwa zahanati, binti aliitwa kwenye orodha ya watoto wasio na wazazi, akapandishwa lori la Kasulu.

Mama alikuja mezani kwangu. "Mzee, umwana wanje, mwanangu, yuko wapi?"

Nilitaka kuilaumu mashine. Nilishindwa, kidole kilikuwa changu.

Mfumo ulikataa kuwaunganisha bila jina moja la ukoo. Nikamweleza kwamba itabidi nifute jina la mtoto, niweke lake.

"Alipewa na baba yake," akasema, "na baba yake hatunaye. Futa, mzee. Nipe mtoto."

Nikafuta. Mashine ikakubali papo hapo.

Binti alirudishwa siku ya tatu. Aliposhuka kwenye lori, nilimwita kwa furaha, kwa jina lililokuwa kwenye skrini. Hakugeuka. Nikaita tena. Mama yake akaniangalia, kisha akamwita kwa lile nililolifuta, na mtoto akaja mbio.