Nilivyoidanganya wodi nzima kwamba kaka yangu yuko kwenye treni

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi.

Nyuzi zenu nazisoma siku nyingi bila kuandika. Shule yangu iliishia la sita, na Kiswahili chetu cha huku mnakijua, kwa hiyo mtanivumilia.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Ninayo daftari ya wakati ule, ila hata yenyewe siiamini yote, maana aliyeiandika ni mimi.

Ilikuwa wakati wa Zaïre, enzi za kuitana citoyen na citoyenne, yaani raia. Nilikuwa nafyatua matofali upande wa Kampemba. Siku moja rundo likaniangukia, mguu wa kushoto ukavunjika.

Wenzangu wa kazi walinipeleka hospitali. Walirudi kuniona mara moja, labda mbili. Siwalaumu, nao walikuwa vibarua kama mimi.

Sasa pale hospitali hawapiki. Kila mgonjwa ana mtu wake wa kumfulia na kumletea bukari, ndiyo ugali wenu.

Muuguzi akaniuliza mbele ya wodi nzima: "Citoyen, bantu yako iko wapi?"

Wakuu, mwanaume mzima kulazwa bila mtu ni aibu. Watu wanaanza kujiuliza alifanya nini huko kwao mpaka wakamtupa. Aliiba? Aliroga?

Nikajibu haraka: "Iko mu njia. Yaya yangu anatoka Kabalo na treni."

Yaya kwetu ni kaka mkubwa, au dada. Kabalo iko mbali kaskazini, na treni za wakati ule zilichukua siku nyingi. Uongo ukakaa vizuri.

Ukweli ni kwamba yaya hakuwa na habari yoyote. Tuligombana kwenye mazishi ya mama. Alisema mbele ya watu kwamba mama nilimsahau. Kwa haki niseme, matusi niliyaanza mimi. Na mama nilikuwa nimemsahau kweli.

Kitanda cha pembeni alilala Baba Ilunga, mzee wa ugonjwa wa tumbo. Mke wake, Mama Ilunga, alikuja kila mchana na kikapu. Siku ile ile akaniwekea sahani.

"Kamata, papa. Kula."

Mume wake akamwambia: "Achia na yaya yake sahani. Muntu wa treni anafikaka na njala."

Basi kila siku sahani moja ilibaki imefunikwa chini ya kitanda changu, inamngoja mtu asiyekuja. Asubuhi niliila mimi. Sombe, ndiyo kisamvu chenu, siku nyingine samaki. Niliila yote, sifichi.

Wodi ikaanza kunitania. Mzee mmoja wa kona alisema: "Papa, ile treni yako inasukumwa na bantu?"

Mwingine akamjibu: "Umuache, ilisimama kuoga ku mutoni."

Walicheka, nami nikacheka. Baba Ilunga hakucheka. Aliuliza tu kwa sauti ndogo, "Yaya hajafika?" na macho yake yakanihurumia.

Kuhurumiwa kwa jambo la uongo, wakuu, kunamwacha mtu peke yake kabisa.

Siku ya tisa, kama daftari inasema kweli, niliitazama sahani ya Baba Ilunga. Ilikuwa nusu ya yangu. Ndipo nikaelewa chakula cha yaya kilikuwa kinatoka wapi.

Niliogopa. Nikisema, nitakosa chakula na nitakosa hata hao wawili. Nikinyamaza, nitaendelea kumla mgonjwa.

Nikasema: "Mama, yaya hayuko mu treni. Hakuna muntu mwenye anajua niko hapa. Nilibadanganya."

"Kumbe! Mie ninapunguza mu sahani ya bwana yangu, mugonjwa, ninachungia muntu mwenye hayuko?"

Akachukua sahani zote, akaondoka. Alikuwa na haki. Baba Ilunga akageukia ukuta, sijui kwa hasira au kwa maumivu.

Siku mbili yule mama alinipita kama anapita kiti. Nilikunywa maji. Mzee wa kona, yule wa mzaha, alinirushia nusu mkate.

Siku ya tatu Mama Ilunga akaja na sahani, karatasi na bic. Akaketi kitandani kwangu, sahani ameishika yeye.

"Andika barua kwa yaya yako. Mudogo yangu anatumikaka ku gare ya treni, ataipeleka."

"Ninakula kwanza, mama."

"Hapana. Andika kwanza."

Niliandika salamu, mvua, kazi ya matofali. Yeye hakujua kusoma, ila aliona kalamu inakimbia mno.

"Hapo unamudanganya na yeye. Weka kwamba uko peke yako."

Maneno hayo yalinichukua muda kuliko barua nzima. Nilipoyaandika nililia, mtu mzima. Baba Ilunga akanyoosha mkono kutoka kitandani kwake, akanishika bega mpaka nikatia sahihi.

Mtauliza kama yaya alikuja. Hakuja, hakujibu. Simsemi vibaya, barua zilipotea nyingi, na baadaye nilisikia alikuwa amekwisha kuhama.

Mama Ilunga alinilisha mpaka nikatoka na mkongojo.

Baba Ilunga alirudi nyumbani, akafa kabla ya mwaka kuisha. Mke wake aliniambia tumbo lake lilikuwa limekataa chakula, hata angepewa sahani zote. Labda ni kweli. Labda alisema hivyo ili nipate usingizi. Sikuthubutu kumuuliza mara ya pili.

Nilichojifunza, kama nimejifunza: nilidhani nalishwa kwa sababu nina ndugu anayekuja. Sahani ile ya barua nilipewa wakijua sina mtu, tena ni mwongo.

Wewe uliyelala mahali sasa hivi, umewaambia watu kwamba ndugu zako wako njiani, mwambie ukweli hata mtu mmoja tu.

Na wengine niandikieni hapa chini: mngempa sahani mtu kama mimi? Msiogope kuniambia hapana.