Nilishapangiwa siku ya kukatwa kimeo, simu ya mama ikaniacha hoi

Wakuu, salamu kutoka Musoma. Haya yamenipata mwenyewe, sijasimuliwa na mtu, na mpaka sasa mwili unanisisimka.

Nauza dagaa pale sokoni Mwigobero. Ni kazi ya mdomo, bila sauti huuzi. Sasa kama miezi minne iliyopita nikaanza kuhisi kitu kimekwama kooni. Nikimeza mate kipo, nikikohoa kipo. Asubuhi naita wateja kama jogoo mgonjwa.

Nikajua ni mwiba wa samaki. Nikafanya tulichofundishwa wote: tonge kubwa la ugali, unameza bila kutafuna, lisukume mwiba. Kila jioni matonge, halafu huyo kitandani.

Wapi! Nikahamia kwenye ndimu na tangawizi. Ndo kwanza koo likawaka moto.

Hapo nikaanza kuogopa. Mjomba wangu alikufa kwa saratani ya koo, na ilianza hivihivi. Hata mke wangu sikumwambia ninachowaza.

Jirani yangu wa biashara, tumuite Bwire, akaniambia, "Hicho ni kimeo ndugu yangu. Mimi nilikatwaga mwaka juzi. Dakika moja tu."

Kwa msiojua, kimeo ni kale kanyama kanakoning'inia mwisho wa kinywa, karibu na koo. Huku kwetu mtu akikohoa sana, wanasema kikatwe.

Bwire akanipeleka kwa mtaalamu wake upande wa Kiabakari. Mzee akanimulika kwa tochi ya simu, akatikisa kichwa. "Kimerefuka mno hiki, kinataka kugusa ulimi. Njoo Jumamosi, usile kitu."

Nikafurahi, wakuu! Afadhali kimeo kuliko saratani.

Ijumaa nikampigia mama, yuko kijijini Suguti, ili aniombee. Akanikatiza:

"Kimeo gani tena? Wewe si ulishakatwaga, hujaota hata meno! Mimi ndo nilikushikaga kichwa. Damu ikakataa kukoma, tukakukimbiza hospitali. Mpaka leo naotaga."

Nikamwita mke wangu animulike. Akachungulia, akachungulia tena.

"Baba Neema, huku hamna kitu."

Nikammulika na yeye. Chake kinaning'inia vizuri kabisa.

Sasa yule mzee aliona nini? Na wembe wake Jumamosi ungekata nini? Jumamosi sikwenda.

Jumatatu nikaenda hospitali. Dokta akaniuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: unakula saa ngapi, unalala baada ya muda gani, ukiamka mdomoni kuna uchachu? Upo! Akasema inaelekea ni acid reflux, yaani asidi ya tumboni inapanda na kuunguza koo. Yale matonge ya kulalia na ndimu zangu ndo vilikuwa vinachochea moto.

Nikamwambia habari ya mjomba. Hakunicheka. Akanipangia kipimo cha kamera, ikaonekana koo limeungua tu, uvimbe hamna. Nililia palepale, mwanaume mzima.

Siku hizi nakula mapema, kitanda upande wa kichwa nimekiinua kwa matofali, na dawa nimemaliza. Haijaisha yote. Nikigusa soda inarudi kunisalimia. Ila sauti imerudi, wateja wanalalamika napiga kelele.

Mama naye alinipigia kuniomba msamaha. Nikamwambia hana kosa, alifanya alichoambiwa na wakubwa wake, kama mimi nilivyokuwa naenda kufanya.

Bwire nimemweleza yote. Akacheka sana, halafu akaanza kukohoa. Nikamuuliza kile kikohozi kilichomfanya akatwe kimeo kiliisha lini. Akageuka kuita wateja.

Wakuu, koo likisumbua muda mrefu, hospitali kwanza. Wembe hauna undo.

Na kabla hujacomment, chukua kioo na tochi, fungua mdomo uangalie. Chako kipo? Kama hakipo, mpigie mama yako umuulize, kisha rudi hapa utuambie amekujibu nini.