Ski yangu ya faiba ilivyoingia kwenye jeneza la msikiti, Mbwera

Wakuu, heshima yenu wote humu ndani.

Shule yangu iliishia darasa la saba, mtanivumilia kwenye uandishi. Nitaandika nilichokiona. Nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika, na sehemu hizo ni nyingi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kwetu Mbwera, huku delta, kulikuwa na kambi ya zamani ya wazungu waliokuja kuvua kwa starehe. Ilishafungwa, vitu vyake vikauzwa kwa mafungu, kila mtu akabeba chake.

Humo zilikuwemo ski za majini. Kwa asiyezijua: ni mbao mbili ndefu, unavaa miguuni, boti inakuvuta kwa kamba, unateleza juu ya maji. Sijawahi kumwona mtu akifanya hivyo hadi leo. Niliamini tu.

Watu walizifanya rafu za vyombo, wengine wakaanikia uduvi. Mimi nikaanza kuzikusanya. Nampa mtu boriti ya mkoko, ananipa ski. Nikiulizwa za nini, nasema zitafaa tu.

Aliyenifumbua macho ni fundi wa boti kutoka Dar, tulimwita Injinia. Alikuja kuziba boti za wanunuzi wa kamba wale wa baharini, na yeye mwenyewe alikuwa mkusanyaji wa ski za kale.

"Usiangalie rangi," aliniambia, "angalia ukingo."

Ukikwaruza ukingo wa ile ya mbao unaona tabaka za mti. Ya faiba, ile plastiki ngumu ya kutengenezea boti, unaona nyuzi nyeupe kama mvi, na mkono utakuwasha mpaka kesho yake. Jozi unaitambua kwa mkunjo wa ncha, mfereji wa chini, na matundu ya raba ya mguu yaliyopangwa sawasawa.

Akanipa mtihani. Nimtafutie jozi moja kamili ya faiba, niitambue mwenyewe bila kusaidiwa. Nikiweza, ananichukua karakanani kwake anifundishe kazi.

Wakuu, sikuwa na kazi nyingine ya kuitumainia. Kilimo cha mpunga huku mnakijua, mto ukiamua umeamua.

Nilihangaika sana. Moja nyekundu niliipata Mbwera, mwenzake akapatikana mbali huko, kwenye banda la kuku. Nilizilaza pamoja, nikapima matundu kwa kijiti. Nikasema ni jozi. Usiku nikasema labda siyo. Asubuhi nikapima tena.

Nikaziweka kwenye uchaga nyumbani kwa mjomba, pamoja na zile zisizo na wenzao, nikimsubiri Injinia.

Mjomba akafariki.

Siku ya mazishi jeneza la msikiti, lile la kubebea maiti kisha linarudishwa, likaletwa, kulinyanyua tu ubavu mmoja ukavunjika. Mchwa walishaumaliza kwa ndani. Watu wamesimama, hawajui la kufanya.

Hapo akainuka mtani wetu, Bi Mwanahawa, Mmatumbi. Mnajua watani kwenye msiba: anachukua anachotaka, anasema anachotaka, na wewe mfiwa hukasiriki. Akapanda uchagani, akashuka na ski yangu nyekundu.

"Wandengereko nyie! Mjomba wenu hajapanda boti ya maana maisha yake yote. Leo atateleza!"

Watu wakacheka huku wanalia. Mimi nikamsogelea taratibu, nikamnong'oneza, "Bi mkubwa, siyo hiyo, chukua ile ya njano isiyo na mwenzake."

Akapaza sauti. "Jamani njooni msikie! Mpwa anamchagulia maiti ubao!"

Nikanyamaza. Ski ikafungwa kwa kamba mahali pa ubavu uliovunjika, tukamzika mjomba.

Baada ya matanga nilikwenda kwa mwalimu wa msikiti, nikamweleza yote. Kusema haki, hakunikatalia. Alisema kilichochukuliwa kwa utani kinakombolewa kwa mtani, ila kilichotolewa kwa msikiti ni wakfu, hakirudi. Kwa hiyo nikamuulize Bi Mwanahawa alikitoa kwa nia gani.

Nikaenda. Alikuwa anapepeta mchele, hata hakuacha.

"Mimi sikutoa, baba. Mimi nilichukua. Aliyenyamaza ndiye aliyetoa."

"Nilinyamaza kwa aibu, Bi mkubwa."

"Hayo ya kwako na Mungu wako. Ukitaka ubao wako, nenda kafungue kamba. Mtani hakushtaki."

Nikarudi nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda.

Injinia akafika. Akaishika ile iliyobaki, akaigeuza. Kisha tukaenda msikitini, akapiga goti pembeni ya jeneza, akapitisha kidole kwenye matundu.

"Umepatia," akasema. "Ni jozi. Ifungue twende, maji yasije yakatoka boti ikakwama."

Mwalimu alikuwepo, anatutazama. Mkono wangu ulishagusa fundo. Nikawa najiuliza: kama ni utani, hii ni yangu. Kama ni wakfu, mimi ni mwizi wa msikiti. Na aliyejua nilinyamaza kwa sababu gani ni mimi peke yangu, na mimi sikumbuki vizuri.

Sikufungua. Injinia alisubiri, akatazama mkondo, akaniambia ahadi ilikuwa jozi. Hakukosea, ndivyo tulivyokubaliana. Akaondoka na boti yake.

Jioni ile nilikwenda kuichukua ile ya pili. Nikaipeleka msikitini, nikasema mbele ya watu, kwa sauti ya kusikika mpaka nje: "Hii naitoa."

Ikafungwa ubavu wa pili. Mwalimu akaniombea dua.

Sasa wakuu, kinachonisumbua mpaka leo siyo karakana. Ya kwanza niliitoa bila kusema. Ya pili nilisema, lakini ilishakuwa ski moja isiyo na mwenzake, haina kazi kwangu. Sijui kama ipo hata moja niliyoitoa kweli.

Nilichojifunza: ukinyamaza, jua unanyamazia nini, maana baadaye hata wewe mwenyewe hutajua.

Wenye elimu ya dini na wanaojua mambo ya utani, nielewesheni. Hata mkinisema, semeni tu.